Mzigo wa Punda

Asubuhi ile Punda alimwaga samadi korongoni kama kawaida. Yeye ndiye aliyetunza banda la ng'ombe wazee, na tangu mkewe afariki alibeba matenga yote mawili peke yake. Aliporudi, ng'ombe walikuwa wamejipanga langoni wakimwimbia Tembo, mfadhili aliyewaletea majani kila siku.

"Huu ndio mzigo wa mwisho," Tembo alisema. "Nahamia ng'ambo ya mto."

"Tuimbe kwa nguvu zaidi, huenda akabadili nia!" alilia Bi Kirembo, mkubwa wao.

"Na kesho mtakula wimbo?" Punda aliuliza.

Akashuka tena korongoni kutafuta nyasi. Huko akamkuta jirani yao Nungunungu akijaza samadi guniani.

"Nisamehe, Mzee Punda! Nilidhani mmeitupa."

"Unaifanyia nini?"

"Njoo uone mahindi yangu!"

Punda akaenda, akakuta mavuno yameanza. Mahindi yalimpita kimo, masikio na yote!

"Na mabua ukishavuna?"

"Nayachoma. Nani atayala?"

Punda akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akarudi mbio akipaza sauti: "Jamani! Mfadhili wetu tunamtupa korongoni miaka yote!"

Kesho yake asubuhi alijaza samadi kwenye matenga, na alipofika langoni akashika njia ya shamba la Nungunungu. Akarudi na mabua tele. Ng'ombe wakajipanga haraka, wakaanza kumwimbia.

"Msiniimbie," alisema. "Kuleni mshibe. Kesho nataka mzigo mwingine."