Nusu Saa ya Kusimama Wima

Saa kumi na mbili asubuhi ya Jumanne, Bibi Sindano alikuwa ameshasimama kando ya ukuta, wima kama askari wa zamu. Kuku aliparua maua yake mbele ya macho yake, naye hakuthubutu kuinama hata kuokota kijiti cha kumtupia.

"Umekunywa?" ikauliza sauti ya upande wa pili wa ukuta.

"Zamani. Wewe je?"

"Ndiyo niko nacho," akajibu Fundi Saa. Aliinua kikombe chake cha bati, na kitu cheupe kikagonga meno yake.

"Lo! Unamumunya tena! Jirani, kidonge cha mifupa humezwa. Kitakuchubua koo hicho!"

"Koo langu limeshakizoea."

Ndiyo ilikuwa desturi yao, mwaka wa tatu sasa. Kidonge kimoja kwa wiki, tumbo tupu, kikombe kizima cha maji, kisha nusu saa bila chai, bila kuinama, bila kujinyoosha kitandani. Wiki ya kwanza Bibi Sindano alisimama peke yake akihesabu matofali. Wiki ya pili akamkuta jirani yake, mtengeneza saa aliyefiwa na mkewe, amesimama ng'ambo na kikombe.

"Nami nimeambiwa mifupa yangu mepesi," alisema, akimwonyesha mkono aliouvunja kwa kuanguka kutoka kwenye kigoda tu, kigoda chenyewe hakifiki goti.

Tangu siku hiyo matofali hayakuhesabiwa tena. Walicheka mambo ya mtaa mzima, kuanzia paka wa mwashi hadi mlango wa kinyozi uliopakwa rangi tatu. Bibi Sindano, mjane wa miaka mingi, alianza kuvaa kitenge kizuri siku za Jumanne. Kwa ajili ya dawa, alijiambia.

Sasa kidonge kikaanza kumchoma.

"Kifua kinawaka?" daktari wa kliniki alimuuliza.

"Kidogo tu. Kama jiko lililosahauliwa."

"Daktari, usimsikilize!" akadakia binti yake, mwalimu, ambaye hajui kunyamaza hata kwa watu wazima. "Usiku analala ameketi!"

Daktari akaweka kalamu chini. "Basi kidonge tukiache leo leo. Tutakupa dawa ya dripu. Hii na kidonge ni ndugu, zote zinazuia mfupa usizidi kulika, ila hii inapita kwenye mshipa, koo na tumbo haviguswi. Tutapima damu tuone figo ziko sawa. Siku yenyewe utakunywa maji ya kutosha na kukaa kitini kama nusu saa. Huenda ukapata homa na maumivu ya mwili siku mbili tatu. Kisha basi, mpaka mwakani."

"Mpaka mwakani," akarudia Bibi Sindano, kama aliyesomewa hukumu. "Na mtu akiwa anapenda kidonge chake?"

"Bibi, nina miaka kumi na minane kazini. Sijamwona anayekipenda kidonge kile."

Nje, binti yake aliangua kicheko. "Mama! Umeshona sare za shule miaka arobaini, leo unaogopa sindano?"

"Miaka yote hiyo sindano niliishika mimi, mwanangu. Haikunishika yenyewe."

Lakini sindano haikuwa shida. Mwaka una Jumanne hamsini na mbili, na dripu ilitaka moja tu. Bila kidonge, mwanamke wa umri wake atasema amefuata nini alfajiri kwenye ukuta wa mwanamume, na kikombe mkononi?

Damu ilipimwa, ikawa sawa. Siku ya dripu ikapangwa Jumanne ya wiki ya pili, ikabaki Jumanne moja kabla yake.

Jumanne hiyo iliyobaki alitoka na kitenge chake kizuri na kikombe cha maji matupu. Kidonge hakikuwemo. Alijifanya kumeza, akafuta mdomo, akajiona mwizi. Mtu mwaminifu kama Fundi Saa, kumdanganya hivi!

"Mbona leo umepoa?" jirani yake akamuuliza.

"Usingizi tu." Alitaka kumwambia. Akanywa funda la maji badala yake.

"Haya. Jumanne ijayo sitakuwapo, jirani. Nina shughuli mjini."

"Wewe kila mwaka lazima uiruke Jumanne moja."

"Hata saa husimamishwa ikatiwa mafuta," akasema, na kitu cheupe kikagonga meno.

Chumba cha dripu kilikuwa na viti vinne vya kuegemea na dirisha moja lililooshwa vizuri. Muuguzi alipata mshipa mara ya kwanza. Bibi Sindano akaiangalia chupa ikidondosha, tone kwa tone, na kila tone akalihesabia Jumanne moja iliyokwenda na maji. Alikuwa amefika la thelathini mlango ulipofunguliwa.

"Ah, mzee wangu wa kila mwaka!" muuguzi akachangamka. "Huu ni wa nne sasa, siyo? Kiti chako hicho hapo. Na niulize kama kawaida, nyumbani hutumii vidonge vyovyote vya mifupa?"

"Sijawahi kumeza hata kimoja, binti yangu," akajibu Fundi Saa. Kisha akageuka, akaona ni nani aliyeketi kiti cha pili.

Kofia ikamponyoka. Aliketi polepole, akajikohoza, akatia mkono katika mfuko wa shati, akatoa pakiti ya peremende nyeupe na kumnyooshea.

"Chukua cha Jumanne ijayo, jirani. Hiki hakichomi kifua."