Kidumu cha Badi

Katikati ya mlima wa kwenda hospitali, gari la Shomari liliishiwa nguvu ghafla. Alikanyaga mafuta mpaka mwisho, injini ikakohoa, ikazima. Kwenye kiti cha nyuma mkewe, Mwanaidi, aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri, aliuma ncha ya kanga.

"Mafuta hayawezi kuwa mabaya," alisema Shomari, akivuta breki ya mkono. "Nimejaza kwa jirani yangu huyu huyu."

Jirani mwenyewe, Badi, muuza petroli ya vidumu, alikuwa ameketi kando yake kuwasindikiza. Petroli ile alikuwa ameichanganya na mafuta ya taa, kama kawaida yake.

"Labda yamepungua. Hebu tumiminie kile kidumu ulichokuja nacho," Shomari alimwambia.

Badi alishuka. Kidumu nacho kilijazwa kutoka pipa lile lile. Alifungua kifuniko cha tangi, akasita, kisha akakiachia kidumu kikaanguka, mafuta yakamwagika yote barabarani.

"Kimeniponyoka!"

Mwanaidi alitoa uso dirishani, jasho likimtiririka.

"Usijilaumu, shemeji. Sukumeni tu. Akiwa wa kiume, tutampa jina lako."

Badi aliegemeza bega nyuma ya gari, akasukuma peke yake bila kuinua uso, kama mtu aliyeambiwa auhamishe mlima wenyewe. Nyuma yake, Shomari, aliyeshuka naye kuja kusukuma, aliinama akakiokota kidumu, akakitikisa aone kama kimebakiza kitu, kisha, taratibu, akakipeleka puani.