Picha ya Jana

Siku ya tatu moshi ukiwa umeufunika mji, Zawena alizirudisha nyuma picha za setilaiti moja baada ya nyingine, akiufuata ule mkia mweupe hadi ulipoanzia. Ulianzia kwenye shamba la pembe tatu, kando ya kona ya mto. Shamba la kwao.

Akapiga simu. "Baba, ni wewe uliyechoma?"

"Mabua tu, mama. Si nilikuuliza kwanza? Ukasema upepo umelala, nichome."

Ni kweli. Kila mwaka mzee hakuwasha hata kijiti mpaka binti yake wa setilaiti amruhusu, na kijijini alijitapa nalo. Safari hii, kwa haraka, Zawena alimjibu kwa kutazama picha ya jana yake, vumbi likiwa limetulia; kumbe siku yenyewe upepo ulikuwa umeshaamka.

"Zawena!" mkuu wake aliita kutoka chumba cha pili. "Umempata huyo mshenzi? Polisi wanasubiri jina. Hospitalini watoto wanalazwa sakafuni."

"Karibu nampata, bosi."

Baba alikuwa amesikia yote. "Andika langu," alisema, akikohoa. "Mimi nimeshazeeka. Wewe usijitaje."

"Baba, kosa ni langu."

"Andika, mama. Acha nikaoge, wasije wakanikuta na majivu."

Simu ikakatika. Zawena alifungua fomu ya polisi kwenye kompyuta. Ilitaka jina la ukoo kwanza. Aliliandika, maana lilikuwa lao wote wawili, kisha vidole vyake vikabaki vimening'inia juu ya kibodi.