Ngo ya Nyuma Kushoto

Ngo!

Kitindamimba alikanyaga breki, akafumba macho. Mara ya tatu hii. Kwenye kiti cha nyuma, upande wa kushoto, mama yake alikuwa amekaa na kifurushi mapajani na fimbo katikati ya magoti, uso umetulia kama maji ya mtungini.

"Limeanza," mama alisema. "Turudi, mwanangu."

Gari lile lilikuwa na adabu za ajabu. Kwenda kazini, mtaa wa pili tu, kimya. Kupeleka mapacha wake kliniki, hapo jirani, kimya. Lakini siku ya kumpeleka mama nyumba ya wazee, safari ya saa tatu, likikaribia kituo cha mafuta tu, ngo! Kama mtu anabisha hodi chini ya kiti.

Na nyumba ya wazee ilipokea wazee wapya kabla ya adhuhuri, basi. Mara mbili walikwama gereji mpaka muda ukapita, mama akarudi kulala sebuleni, akiamka kabla ya wote ili akunje godoro asimkwaze mtu. Mkewe hakusema neno. Afadhali angesema. Kaka na dada zake walikuwa wamesharushiana mama kama kaa la moto, na kaa likifika kwa kitindamimba, nyuma yake hakuna wa kurushiwa.

Gereji ilikuwa ubavuni mwa kituo hichohicho. Fundi aliitwa Sikio, kwa sababu alijisifu kwamba nati ikilegea mtaa wa tatu yeye huisikia.

"Karibuni, wenyeji!" alisema. "Kiti cha bibi nimeshakipangusa."

Walimsubiri amalize teksi ya watu. Jua lilipanda, gari likapoa kivulini. Kisha Sikio akaliinua kwa jeki, akaingia chini. Bushi za nyuma akazibinya kwa mtaimbo, shokapu akazitikisa, springi akazigonga kwa spana. Hakuna kilicholegea. Akalishusha, akalipitisha kwenye matuta ya nje, akaenda, akarudi. Kimya. Akapakia mfuko wa mchanga pale anapokaa mama, akaenda tena. Kimya cha kaburini.

"Linaniogopa," Sikio alisema.

"Halikuogopi, baba," mama alijibu kutoka kwenye benchi. "Mimi nikiamka magoti yanauma, nikitembea yanalainika. Hili ni kinyume changu. Likiamka zima, likitembea sana ndipo linapougua."

"Bibi, nikutafutie ovaroli uanze kazi?"

Wakacheka wote, hata Kitindamimba, ambaye hakuwa amecheka tangu mapacha wazaliwe.

Ndipo Sikio alipoiona fimbo. Akaiomba kwa heshima, akaipindua, akatazama ncha yake iliyovishwa chuma. Akaingia nayo garini, kiti cha nyuma, kushoto, akaishusha sakafuni.

Ngo!

Akatoka polepole, akamvuta Kitindamimba nyuma ya pipa la oili.

"Kaka, sikio langu halijawahi kunidanganya. Likiwa na mimi, kimya. Likiwa na mchanga, kimya. Likiwa na bibi..." Akapandisha mabega. "Mimi kazi yangu kukaza nati. Ya mama na mwana siyawezi."

Kitindamimba alihisi uso ukiwaka. Mara tatu! Mara tatu anachezewa kama mtoto! Akamfungulia mama mlango bila kumtazama.

"Nipe hiyo fimbo. Inakaa mbele, na mimi."

Mama aliinua fimbo kutoka katikati ya magoti. Kisha akaitoa.

"Na miguu nikupe?"

Aliilaza kwenye kiti cha kando yake, akaifunga mkanda isiyumbe, wakaondoka. Njia iliyobaki ilikuwa fupi, na adhuhuri ilikuwa haijafika. Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya. Kila tuta lilikuwa shahidi, na mashahidi wote walisema neno moja. Kwenye kioo alimwona mama ameshika kishikio cha mlango, mkono wa pili ukitafuta kitu cha kushika na kukosa.

"Leo limepona," Kitindamimba alisema, sauti imejaa pilipili.

"Halijachoka bado," mama alijibu.

Getini mhudumu alichukua kifurushi kwa mkono mmoja na mama kwa mwingine. Kitanda kilikuwa tayari, kile cha mwisho, karibu na ukuta. Kitindamimba alikuwa na maneno ya kuaga aliyoyapanga siku nyingi. Hasira ikayameza yote.

"Ungeniambia tu kwamba hutaki, mama."

"Nani alikuambia nataka?" Mama alimrekebishia kola ya shati, kama zamani. "Rudi polepole. Hilo gari si zima."

Geti likafungwa, komeo likaingia.

Alipopita gereji, Sikio alikiona kiti cha nyuma kikiwa kitupu, akagonga pipa la oili kwa ngumi, ngo, ngo, huku akicheka. Kitindamimba akamjibu kwa honi, akakanyaga mafuta. Njia ilikuwa ndefu, lami ikitoa mvuke wa joto. Kadiri injini ilivyopata moto, ndivyo hasira yake ilivyopoa. Akaanza kufikiri jinsi mama atakavyofika chooni kwa kushika ukuta. Angeipeleka ile fimbo Jumapili. Au Jumapili ile nyingine, akipata nafasi.

Mbele kulikuwa na tuta dogo.

Ngo! Ngo, ngo.

Nyuma, kushoto. Kandoni mwake fimbo ilikuwa imelala ndani ya mkanda wake, haijasogea hata kidogo.