Soksi Saba na Taulo Bichi

"Hakuna kibati, hakuna begi," alisema Bi Genowefa, mtunza mizigo wa makumbusho, akarudi kwenye fumbo lake la gazeti.

Ignacy alijipapasa upya. Mifuko ya suruali, koti, mpaka ndani ya viatu. Kibati cha namba alichopewa asubuhi alipoacha begi hakikuwepo. Pengine kilidondoka kule juu mnarani, alipokuwa anapiga picha mia mbili za mapaa yale yale mekundu.

Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro robo. Saa kumi makumbusho yanafungwa. Kesho Jumatatu, hawafungui kabisa. Na jioni hii hii yeye na mpenzi wake Malwina wanapanda treni kurudi Gdańsk. Wiki tatu za kubeba nyumba mgongoni zimeisha: Tallinn, Riga, Vilnius, na sasa Toruń.

Ndani ya lile begi, kwenye soksi za kijivu zilizoviringishwa, kulikuwa na pete.

Malwina hakujua. Tallinn, Ignacy alitaka kupiga goti, mvua ikamwaga. Riga, tumbo lilimharibikia. Vilnius, alishafika nusu ya goti, wakatokea wanaume kumi na wawili wamevaa mabawa ya kuku wanaimba. Imebaki leo tu, pale ukingoni mwa mto Wisła. Wazazi wa Malwina walishaoka keki. Imeandikwa "Hongera" kabisa.

"Bibi, nakuomba. Begi langu ni lile la kijani."

"Kijana, ya kijani ninayo matano."

"Lile la tatu kutoka kushoto! Jamani, mtu atashindwaje kulijua begi lake?"

Bi Genowefa alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, polepole kama ana mshahara wa mwaka mzima kwa kazi hiyo tu. Kisha akaliburuta begi mpaka mezani.

"Haya. Nitajie kilichomo. Ukikosea, tuonane Jumanne."

Angesema neno moja tu, pete, mambo yangeisha. Lakini Malwina alikuwa kamganda begani, anatafuna mkate wa tangawizi.

"Mpenzi, hebu nenda kanunue mwingine," Ignacy alimnong'oneza.

"Niache sinema hii? Siendi popote."

Nyuma yao foleni ilikuwa imeshajaa. Mzee mmoja mwenye mwavuli alisogea mbele ili asikie vizuri.

"Kuna taulo," Ignacy alianza.

"Kila mtu ana taulo."

"Bichi."

Bi Genowefa aliingiza mkono, akautoa haraka. "Bichi. Tangu lini?"

"Tangu Tallinn."

"Mama yako anajua unaishi hivi?" aliuliza yule mzee.

"Kuna soseji. Nusu. Imefungwa kwa karatasi."

"Ipo. Imeng'atwa, haijakatwa. Endelea."

"Kitabu cha kuongoza wageni. Sijakifungua."

"Kinang'aa kabisa. Endelea."

"Soksi. Saba."

Foleni yote ilicheka. Bi Genowefa alikunja uso. "Ya nane iko wapi?"

"Riga."

"Imefanya nini Riga?"

"Bibi, usiulize. Nilikuwa naumwa tumbo."

Bi Genowefa alianza kuzipanga mezani. Vibunda vitatu vya jozi, na soksi moja mjane. Akashika kile kibunda cha kijivu, akaanza kukikunjua.

"Usifungue!" Ignacy alipiga kelele mpaka mlinzi akageuka.

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya afya yako, bibi!"

Bi Genowefa alikinusa kwa mbali, akakirudisha begini kwa vidole viwili. Ignacy alifuta jasho. Bado dakika nne.

"Na hizi?" Aliinua pakiti ya pipi nyeusi. Akainusa nayo. "Zinanuka kama lami."

Ignacy alikodoa macho. "Pipi?"

"Wewe naye!" Malwina alimpiga kikumbo. "Si zile za chumvi ulizonunua Tallinn? Ulionja moja ukatema."

"Ahaa! Eeh! Za Tallinn, bibi. Zangu kabisa."

Bi Genowefa alimtazama muda mrefu. Saa iligonga kumi.

"Mpe tu, mama!" yule mzee alisema. "Nani mwingine angekubali hadharani kwamba vitu hivi ni vyake?"

Begi likasukumwa mbele. Ignacy alitaka kumbusu yule mama, akasita, akambusu mkono. Kisha akamshika Malwina wakatoka mbio, wakapita geti la ukuta wa zamani, mpaka chini mtoni.

"Tunakimbilia nini? Treni bado saa mbili!"

Ignacy alipiga magoti kwenye nyasi, akachimba begini kama mbwa, akakamata kile kibunda cha kijivu. Ndani palikuwa pagumu. Ipo! Mungu wangu, ipo! Akatoa kisanduku chekundu. Ajabu, kichwani mwake muda wote kilikuwa cha bluu. Woga huo.

"Malwina, miji minne nimekuwa nikijaribu. Utakubali..."

"Ndiyo!" Malwina alishaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Ndiyo, mjinga wewe, ndiyo!"

Pete ilimpwaya kidogo.

"Baridi hii imesinyaza vidole," alisema Ignacy, huku naye anafuta machozi.

Malwina aliivua aitazame vizuri. "Na umechongesha maandishi kwa ndani! Kumbe una mambo matamu hivi!" Akaigeuza kwenye mwanga, akafumba jicho moja, akasoma taratibu, herufi kwa herufi.

"Kirsi na Veikko."