Unga wa Kutuliza Moyo

Pasi ilianguka nyuma yake kwa kishindo, na fundi cherehani hakushtuka. Uzi ukapenya tundu la sindano mara moja. Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine, mkono ambao zamani ulitetemeka hata mlango ukibamizwa.

"Wifi, ule unga wako wa mizizi ni kiboko!"

Wifi yake, aliyekuwa akija kila asubuhi kumchemshia chai na kupiga naye soga mpaka vikombe vipoe, alikunja uso. "Si huwa unautia mwenyewe kwenye chai?"

"Mimi? Si unautia wewe huko jikoni?"

Wakaishusha chupa ya unga rafuni. Kifuniko kilikuwa bado na utepe wa dukani, haujakatwa.

Fundi akauinua tena mkono kwenye mwanga wa dirisha. Umetulia tuli.

"Wifi," alinong'ona, "kesho usiache kuja."