Abiria wa Kilo Arobaini na Mbili

Kiti cha kulia kilikuwa kimesogezwa mbele mpaka mwisho wa reli yake, na aliyekisogeza hakuwa Mama Spana. Juu yake palikuwa na mto mpya, mnene, wa kumnyanyua mtu aone nje.

Mama Spana alisimama kwenye bawa la ndege akikitazama, spana mkononi. Yeye alikuwa mrefu kama mlingoti. Akiketi pale, magoti yalimgonga dashibodi hata kiti kikiwa nyuma kabisa. Mto ule haukuwa wake.

"Ni kwa ajili ya mteja," alisema mumewe, akiendelea kufuta kioo. "Mfupi kidogo."

"Mteja gani huyo wa kutandikiwa mito?"

"Nawe, mke wangu! Malizia tangi tuondoke."

Ndege ile waliinunua mwaka waliooana, ikiwa gofu lililotupwa nyuma ya karakana ya watu. Waliiita Ajuza. Yeye fundi, mumewe rubani, na ndoa yao yote walikuwa wakimvisha Ajuza kipande baada ya kipande: mara silinda, mara propela, mara redio mpya badala ya ile iliyokuwa ikikoroma kama mzee mwenye kikohozi. Majirani walijenga ghorofa. Wao walijenga ndege.

Sasa mumewe alitaka tangi la ziada, lifungwe nyuma mahali pa viti viwili, ili Ajuza aende mbali bila kutua. Mama Spana alikuwa ameanza kulifunga akiimba, akidhani hatimaye ndiyo ile safari ya mbali waliyoiota wawili. Walipokaa kupiga hesabu ya uzito, wimbo ukakatika.

"Rubani mmoja," alisema mumewe. "Mizigo, kilo thelathini. Abiria, weka arobaini na mbili."

"Mtu mzima wa kilo arobaini na mbili?"

"Wapo." Akageuka kutafuta kitambaa ambacho kilikuwa begani mwake.

Wapo, kweli. Wembamba kama fito, wenye kucha zisizojua grisi. Mama Spana aliviangalia viganja vyake, akavificha mifukoni.

Siku chache baadaye, akitoka kununua boliti, alimsikia mumewe nyuma ya banda la ndege, simu sikioni, na sauti laini ambayo yeye hakuwa ameisikia tena tangu enzi za uchumba.

"Vumilia, malkia wangu. Bado kidogo tu. Na usimwambie mtu, umenisikia?"

Malkia. Yeye aliitwa Spana.

Jioni ile alimtamani binti yao, aliyekuwa likizo kwa shangazi yake. Nyumba bila mtoto ilikuwa haina wa kumtazama usoni. Na binti aliporudi, alirudi mpole ajabu. Huyu ambaye kuosha sahani moja kulikuwa vita, ambaye kila siku alikuwa mkia wa baba yake na mama akikemea hujibiwa kwa mlango kubamizwa, sasa aliosha vyombo bila kutumwa. Akimkuta mama amejiinamia, alimkumbatia kwa nyuma.

Mama Spana akajua mtoto amehisi jambo. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wa mzazi je? Huyu aliujua.

Angeweza kupiga kelele. Angeweza kulegeza nati moja, moja tu. Wazo hilo lilimpitia, akalifukuza. Alikaza kila boliti, akapapasa kila bomba la mafuta, akaukagua mkanda wa kiti cha kulia na kurudia tena, machozi yakimdondokea kwenye kifungo chake. Aende. Mume wa kuviziwa si mume. Amwachie nyumba, amwachie mtoto, huko kwingine akajue mwenyewe.

Siku yenyewe ya safari, mumewe alitoka mapema akampitisha binti shule, kama kawaida yao. Mama Spana alitangulia uwanjani, akajifungia katika stoo ya vipuri. Hakutaka kuiona sura ya huyo malkia. Sura ukishaiona, hulali peke yako tena.

Alisikia gari likisimama. Milango miwili ikafungwa. Nyayo nyepesi zikapita haraka haraka mbele ya stoo, za mumewe nzito zikifuata. Kisha injini. Ilishika mara moja, ikanguruma bila kukohoa, na kwa muda mfupi fundi alisahau kuwa mke: ile ilikuwa kazi yake, na ilikuwa kazi safi.

Alitoka nje magurudumu yalipokuwa yakiachana na ardhi. Ajuza akawa kama ndege wa angani, akawa nukta, nukta ikamezwa na wingu. Ajabu, hakulia. Alihisi maumivu na wepesi kwa pamoja, kama mtu aliyeng'olewa jino bovu.

Akanawa grisi mpaka kwenye kucha. Akavua ovaroli. Leo angemtoa binti yake shule mapema. Wangekula mahali pazuri, wangezungumza kama wanawake wawili, wangeanza upya. Akapiga simu shuleni, na karani wa kike, aliyeijua sauti yake, akapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naomba binti yangu wa darasa la sita ajiandae, nakuja kumchukua."



"Mama, mbona baba yake ameshamchukulia uhamisho asubuhi hii? Na mtoto mwenyewe kazunguka shule nzima akiaga, hakumwacha hata mpishi."